Gauni la Miavuli

Mmeniambia niandike, nyie mnaobaki hospitali, basi naandika. Ila mjue shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisukumeni wenyewe likae. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Wengi wenu mlidhani fundi wa hospitali anaziba mashuka tu, na kweli mashuka nimeziba mpaka nikayaota. Lakini kuna kazi nyingine ilifanyika kwenye kile chumba changu, na wanaoijua wamebaki wachache.

Nilianza mkoa ulipokuwa mpya. Manyara imetoka kukatwa kutoka Arusha, na Babati yetu, mji wa mnada na samaki wa ziwani, ikaambiwa sasa ni makao makuu. Maofisi yakafunguliwa kila kona, na kila ofisi ilitaka mapazia. Nafikiri mkoa ulianza na mapazia kabla ya meza. Mafundi wazuri wote wa mjini wakachukuliwa na mapazia, ndiyo maana hospitali ikanipata mimi.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Bura, fundi aliyenitangulia, Mwiraqw mwenzangu, mtu wa maneno haba. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga iliyokuwa na sauti kama mbuzi mwenye kikohozi. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akasema marahaba, akanipa shuka nipinde. Nikapinda pindo pana, la kupendeza, kama nilivyofundishwa na mama mkwe. Akaliangalia, akalifumua lote mbele yangu.

"Hili utaliweka kwenye kochi," akasema. "Mgonjwa halali juu ya urembo. Pindo nene linakula mgongo."

Huyo ndiye alinifundisha kwamba nguo ya mtoto aliyeungua inashonwa mishono ikiwa nje, upande laini ukae kwenye ngozi. Watu wanaiona wanasema fundi kaishona kinyume. Waache waseme. Alinifundisha pia kupaka mafuta mashine kila Jumatatu, na kutompa daktari sindano ya cherehani hata akiomba kwa heshima, maana hairudi. Alistaafu akaenda kulima Sigino, na mashine akaniachia na kikohozi chake.

Sasa nije kwa Sista Devota. Alikuwa muuguzi aliyehamia kutoka Bukoba, mrefu, anavaa viatu vya raba visivyo na sauti. Mimi mnanijua naongea. Yeye akaniambia wiki ya kwanza tu, "Mama Safari, mashuka yako yote yana pindo. Mdomo wako ndio hauna." Tukawa marafiki toka hapo.

Mwisho wa korido ya wodi ya watoto kulikuwa na chumba kidogo kilichokuwa stoo ya ndoo. Sista aliomba kiwe chake. Akakipaka rangi, akatandika mkeka, akaanza kuwapokelea humo watoto ambao kuna mtu alihofia wamedhuriwa na mkubwa. Nasema alihofia, kwa sababu Sista alituzoesha kusema hivyo. Wengine walikuwa wameanguka kweli kwenye mti. Wengine walikuwa na alama za dawa za kienyeji. Na wengine, ndiyo, walikuwa wamefanyiwa mambo ambayo sitayaandika hapa. Wasichana na wavulana pia, msije mkasahau wavulana. Kazi yake haikuwa kuamua nani mbaya. Kazi yake ilikuwa kumtibu mtoto, kumsikiliza, na kuandika alichokiona, basi. Alikuwa anakaa chini kwenye mkeka, mtoto ndiye anakaa kwenye kiti.

Mimi nikaingizwa kwa sababu ya gauni la kupimiwa. Yale ya wakubwa yanafungwa mgongoni. Mtoto anafunguliwa na mikono asiyoiona, na hicho ndicho mtoto wa namna ile alichokuwa akikiogopa. Sista akasema kamba zije mbele. Tukakaa naye tukakata, tukashona, tukafumua. Mwisho tukapata gauni la vipande, kila kipande na kamba zake, mtoto mwenyewe anafungua panapotakiwa kuangaliwa na pengine pote pamefunikwa. Akikataa, halazimishwi, tunangoja. Daktari mmoja alilalamika kwamba lina kamba nyingi kama hema. Sista akamwambia ndiyo daktari, ni hema.

Tatizo likaja kwenye nguo walizokuja nazo. Ile nguo mtoto aliyoivaa siku ya tukio ni ushahidi, haifuliwi, haikunjwi ovyo, inatiwa kwenye mfuko wa kaki na polisi wanaichukua. Kwa hiyo mtoto anabaki hana nguo. Akina mama walikuwa wanakuja mbio, nani atakumbuka kubeba nguo ya akiba? Nimeona mtoto anarudi kwao amefungwa shuka la hospitali lenye mhuri, mgongoni kwa mama yake, mchana kweupe. Sista alisimama mlangoni akaangalia mpaka wakapotea, akaja kwangu akasema, "Mama Safari, hapana. Hawaondoki hivi tena."

Tukaenda sokoni kwa Mzee Hemedi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, babu yake alitoka pwani na yeye amezaliwa hapa hapa, Kigorowa anaongea kuliko mimi. Sista akamweleza tu kwamba kuna watoto wanatoka hospitali hawana nguo. Hakuuliza zaidi. Akaingia ndani, akatoka na jora zima begani. Kitambaa cha njano kikali, chenye miavuli midogo ya bluu. Kilikuwa kimekaa dukani toka mvua za mwaka uliopita, hakuna aliyekitaka, na ukikiangalia unaelewa. Lakini kilikuwa imara, pamba safi, na sadaka haikaguliwi. Nikashona magauni, nikashona mashati na kaptula, saizi zote. Tukayapanga kabatini. Sista alikuwa akimwambia mtoto achague, mtoto anaangalia kabati la miavuli mitupu, anachagua.

Tulifurahi, sisemi uongo. Mzee Hemedi naye alikuwa akiona mtoto amevaa miavuli barabarani, anaweka mkono kifuani, anamshukuru Mungu wake.

Mwaka ule ule alikuja daktari mtafiti kutoka chuo, mama wa makamo tuliyemwita Daktari Neema. Alikuwa na swali moja linamsumbua: kwa nini watoto wengi wa chumba cha Sista wanakuja mara moja, hawarudi? Maana kuna dawa za kuzuia maambukizi zinazomezwa mwezi mzima bila kuruka, na vipimo vya damu vya kurudia, na mazungumzo. Kuja mara moja ni kama kupiga mstari wa chaki kwenye kitambaa ukaacha kukata. Aliuliza kila mtu, mpaka mimi. Wengine walijibu nauli, wengine kilimo, wengine wazee wa ukoo wamekaa wakayamaliza. Yote kweli. Aliandika, lakini nilimwona hajatosheka, anagonga kalamu kwenye meno.

Ndipo akaja mtoto nitakayemwita Pendo. Silo jina lake. Alikuwa wa darasa la pili, anatoka Nakwa, na mama yake alikuwa akiuza maandazi. Aliyemdhuru hakuwa mgeni kwenye ile nyumba, na hapo naishia. Pendo hakulia. Alifungua kamba za gauni yeye mwenyewe, akazifunga yeye mwenyewe, tena fundo zuri. Sista akampa dawa za siku za mwanzo, akampangia kurudi kuchukua nyingine. Akachagua gauni la miavuli, akaondoka ameshika kidole cha mama yake.

Siku ya kurudi hakuja. Kesho yake hakuja. Sista akawa anatoka nje kila saa kuangalia geti.

"Akikatisha zile dawa?" nikamuuliza.

"Akikatisha, tuliyoanza yote yanaweza kuwa bure," akasema. "Na ni mtoto, Mama Safari. Hataumwa leo. Ataumwa tumeshasahau jina lake."

Alitaka gari la hospitali limfuate. Kisha akakumbuka safari iliyopita, gari lenye maandishi ubavuni lilipoingia Sigino, watoto wa kijiji kizima walilisindikiza mpaka mlangoni kwa mgonjwa wakiimba. Nikamwambia niache niende mimi. Mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni anaingia nyumba yoyote.

Nikaenda kwa miguu. Nakwa nyumba zilikuwa zimeachana bado, katikati mahindi. Pale kwenye bomba la maji nikawakuta watoto wanangoja ndoo zijae. Nikawauliza kwa Mama Pendo ni wapi. Wakatazamana. Mmoja, kisichana kirefu, kikasema, "Yule wa mwavuli?" Wakacheka wote. Kingine kikasema, "Usiguse ndoo yake, utapata mwavuli." Wakacheka zaidi.

Bibi yenu nimewahi kuchomwa na pasi ya mkaa. Haikuwa kama pale.

Mama Pendo alikuwa anakanda unga. Nikapiga hodi, akanikaribisha kwa mdomo, uso haukunikaribisha. Nikasema nimetoka hospitali, kwa Sista, siku ya mtoto imepita. Hakuacha kukanda.

"Haji," akasema.

"Dawa, mama yangu. Zimeisha."

"Najua zimeisha. Nazihesabu mimi, si wewe." Akapiga unga kwenye sinia. "Niambie wewe mama. Mtoto wangu alipata tatizo ndani, nikafunga mlango, nikaja kwenu kwa njia ya mashambani, hakuna aliyejua. Nyie mkamvalisha bango."

"Bango gani?"

"Hilo gauni. Mji mzima hakuna kitambaa kile isipokuwa kwa watoto wa kile chumba. Mmoja alivaa, wa pili akavaa, watu wana macho. Sasa watoto wanamwimbia bombani. Mwalimu ameniuliza kama ni kweli. Mwalimu." Akaukunja unga, akaukanda upya. "Nikimleta tena, mtampa la pili?"

Mimi, Mama Safari, nikabaki nakunja futi yangu. Pendo alikuwa amekaa nyuma ya mlango, amevaa blauzi ya mama yake, mikono imekunjwa mara nyingi. Akaniangalia akasema, polepole kabisa, "Mimi sijapata mwavuli. Mimi niliumizwa tu."

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Uliumizwa tu.

Nilimwomba mama yake kitu kimoja: asije hospitali, aje kwa fundi. Chumba changu kilikuwa pembeni, karibu na geti dogo la kufulia, na watu wa mjini walikuwa wakiniletea kazi zao humo jioni, jambo ambalo matroni alilijua na akachagua kutolijua. Mama mwenye mtoto akija kupimisha sare ya shule, nani atauliza? Mama Pendo akafunika unga kwa kitambaa. Akasema, "Sare yake ya zamani imembana kweli." Nikaona hapo pana upenyo.

Nikarudi mbio kwa umri ule. Nikawakuta Sista na Daktari Neema, nikawaeleza yote bila pindo. Sista alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafunika uso. Daktari Neema hakuandika kitu. Akasema, "Nimeuliza nauli, nimeuliza umbali, nimeuliza waume. Sikuuliza wanatoka wamevaa nini." Akanigeukia. "Wako wangapi wanalo hilo gauni?" Nikamwambia ni wale wale anaowatafuta.

Siku iliyofuata, jioni, Mama Pendo alipita geti dogo na mtoto. Nikampima mabega, nikampima urefu, maana sare ilikuwa ya kweli na nilimshonea kweli. Sista akaingia akiwa amebeba mashuka ya kuziba, katikati ya mashuka mna dawa. Dozi moja au mbili zilikuwa zimeshapita, na daktari alikuwa amesema waendelee, asiongezewe kufidia, na damu ipimwe kama ilivyopangwa. Pendo akameza pale pale, kwa chai yangu, akauliza kama cherehani inaumwa. Nikamwambia ina kikohozi cha zamani. Akacheka. Mama yake akatazama pembeni.

Hao wengine je? Tuliyafungia magauni yaliyobaki, lakini yaliyokwisha kutoka yalikuwa yanatembea mjini. Kuwaambia watoto wayavue ni kukiri. Tukaenda tena kwa Mzee Hemedi, Sista na mimi, tumwombe vipande vya rangi tofauti tofauti, kila mtoto nguo yake. Nilidhani ataudhika kwa sadaka yake. Sista alimwambia tu kwamba kitambaa kimejulikana, kimekuwa alama, na watoto wanasemwa.

Mzee aliketi. Akaondoa kofia, akaishika magotini.

"Mimi nimekuwa nikiwaonyesha watu," akasema. "Nawaambia tazama, ile ni yangu. Kwa kidole, Sista. Nimewaonyesha kwa kidole changu."

"Hukujua, mzee. Sisi wenyewe hatukujua."

"Vipande nitawapa. Lakini hao waliokwisha kusemwa?"

Akavaa kofia, akasema Idi iko karibu, tukamwona kama anabadilisha mazungumzo. Wiki ile ile majora ya miavuli yakashuka kutoka Arusha kwenye basi. Sijui aliyatoa ghala la nani, hakuna mwenye akili aliyekuwa akiyanunua. Akayaleta kwa mafundi wote wa soko, na mimi jioni zangu nikakanyaga mpaka magoti yakaomba ruhusa. Siku ya Idi wajukuu wake wote wakatoka msikitini wamevaa miavuli, wasichana magauni, wavulana mashati, na mke wake mkubwa naye, mwanamke wa heshima na mwili wake, miavuli toka shingoni mpaka kwenye kifundo. Dukani akakiuza bei ya kutupa. Akina mama wa mnadani, nyie mnawajua, bei ikishuka hawaulizi sura ya kitambaa. Mpaka mvua zinaanza, Babati ilikuwa imefungua mwavuli. Mapazia ya mgahawa wa stendi, miavuli. Nilimwona mtoto wa afisa mmoja mkubwa wa mkoa mpya amevaa, nikageuka pembeni nicheke.

Pale bombani wakakosa la kuimba, kwa sababu na yule msichana mrefu alikuwa amevaa.

Pendo alimaliza dawa zake. Vipimo vya kurudia vyote alifanya, akipitia kwangu, na majibu yalikuwa mazuri. Kesi ilikwenda ilivyokwenda, huko mimi sikuwa na cherehani. Daktari Neema alirudi chuoni, na tulisikia kwamba anawafundisha wanafunzi wake wamfuate mtoto kwa macho mpaka nje ya geti, wajue anaondokaje. Chumba changu kikaendelea kupokea sare za shule nyingi kuliko shule zenyewe. Kila mtoto alipewa nguo ya kitambaa chake, na mara nyingine nilikwenda mitumbani kutafuta zilizokwisha kuvaliwa, maana nguo mpya nayo inasema. Hilo mlishike: mtoto wa kawaida haendi hospitali akarudi na nguo mpya.

Na baada ya pale Sista akatuwekea sheria ambayo iliniuma kuliko zote, nikijua nilivyo. Nje ya geti hatuwajui. Ukikutana na mtoto barabarani, usimwite, usimuulize hali, usimtabasamie tabasamu la kumjua. Akikuamkia, itikia kama unavyomwitikia yeyote. Asipokuamkia, pita. Mimi niliyekuwa nikisimama na kila mtu toka sokoni mpaka ziwani, nikajifunza kupita. Sista amepumzika sasa, Mungu amlaze pema, na sheria yake ninaishika hata kwenye kustaafu.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni kwa Mama Joseph, yule wa nyanya. Wakapita wasichana watatu wakubwa, wamesuka vizuri, wanaongea lugha yao ya mambo poa. Wa katikati alikuwa Pendo. Nilimjua kwa mikono, ile ile iliyofunga fundo zuri. Wenzake wawili wakasema shikamoo bibi, nikasema marahaba wajukuu. Yeye akaniangalia usoni, sawasawa, akapita na maneno yake aliyokuwa akiyasema.

Mama Joseph akaacha kupanga nyanya. "Umemwona huyo? Amekupita kama nguzo ya umeme. Hata shikamoo. Watoto wa siku hizi mama zao hawawafundishi kitu."

"Labda hanijui," nikasema.

"Akujue asikujue, wewe si mtu mzima? Na amekutazama kabisa."

"Anapita zake, Mama Joseph."

"Nikimkuta na mama yake nitamwambia."

"Usimwambie," nikasema. "Mama yake namfahamu. Alimlea vizuri sana."